Tyubu ya Bajaji na ngozi ya beberu: nilivyofufua dramu za Premier

"Tupa hizo, kanunue mpya za Kichina." Nimeambiwa hivyo na mafundi, na wapiga dramu wenzangu, na shemeji yangu ambaye hajui hata fimbo zinashikwaje. Nawajibu wote kwa mkupuo mmoja, maana seti imesimama, inalia, na wale wale waliosema nitupe ndio wanaokuja kuiazima harusi zikikaribia.

Ni Premier ya Uingereza, kampuni iliyoanzia London mwaka 1922 kisha ikahamia upande wa Leicester. Besi, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ni ya inchi 20; tomu, ngoma ya kati, ni ya 12, na tomu ya chini ni ya 16. Snea, ile ngoma ya mlio mkali, ilishapotea zamani. Aliyenipa ni mzee mmoja wa Ngamiani aliyekuwa anabomoa stoo yake. Ngozi ya mbele ya besi ilikuwa na maandishi ya rangi yaliyobanduka, likabaki neno moja tu: JAZZ. Kwa Tanga neno hilo ni ugomvi tosha. Nusu ya mtaa wanaapa zilikuwa za Atomic Jazz, nusu nyingine za Jamhuri Jazz, bendi mbili za zamani za hapa hapa. Mzee nilipomuuliza alicheka tu, akaniambia nizibebe kabla hajabadili nia.

Mizinga, yaani miili ya ngoma, ya Premier za miaka hiyo ni plaiwudi nyembamba, na ndani, juu na chini, kuna pete ya mbao ya kuipa nguvu. Tomu ya chini ndiyo iliyoumia zaidi. Ilikaa kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu hadi tabaka za mbao zikaachana, ukizigusa zinafunguka kama kurasa za daftari lililolowa. Besi ilikuwa imepinda, haina tena duara. Tomu ndogo ilitobolewa matundu na kila mwenye drili aliyewahi kuimiliki.

Kufungua na kusafisha sina haja ya kueleza. Bolti zilale kwenye mafuta ya taa, kromu isuguliwe kwa foili ya jikoni iliyokunjwa na kuloweshwa maji, kutu inaondoka yenyewe. Ila ganda la nje, lile la rangi ya lulu, usilipeleke moto hata kidogo. Fundi mmoja alitaka kulilainisha kwa jiko la gesi ili libanduke upesi. Maganda mengi ya zamani ni seluloidi, nayo ikishika moto huizimi kwa kupuliza. Mimi nilitumia drayer ya saluni, pole pole, kwa mbali. Kumbe seluloidi ndani yake ina kafuri. Nilipoanza kuipasha, nyumba nzima ikanuka msiba. Jirani alipiga hodi kwa sauti ya chini kabisa kuuliza ni nani aliyetangulia.

Sasa mbao. Fundi seremala niliyemwendea kwanza alisema tabaka zilizofumuka hazirudi, zikatwe, kisha ndani iwekwe pete mpya ya mtiki. "Mtiki wa Longuza huu, hauliwi na mchwa, utakufa utauacha." Hotuba yake ilikuwa nzuri. Akaikunja ile pete kwa maji ya moto, akapaka gundi, akabana. Usiku tukasikia mlio kama mtu kavunja kiti. Pete imejifyatua, imelala katikati ya chumba imenyooka, na gundi imebaki upande wa mzinga tu. Mtiki una mafuta, gundi haiushiki usipoufuta kwa thina kwanza, halafu kipande kinene namna ile hakikubali kukunjwa duara la inchi 16. Nilimlipa nusu, tukaachana kwa amani.

Nikaamua nitarudisha zile zile tabaka za zamani. Nilizipanua taratibu, nikatoa uchafu katikati kwa mswaki mkuukuu, nikaziacha kivulini mpaka zikauke kabisa kabisa. Ukiharakisha hapo umefungia unyevu ndani. Gundi ni ile nyeupe ya maseremala, nikaipunguza kwa maji kidogo na kuisukuma ndani kwa bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe. Tatizo lililobaki ni kubana. Klampu hubana sehemu mbili tatu, lakini mzinga wa duara unataka kusukumwa pande zote kwa pamoja, kutoka ndani kwenda nje, na nje nako uzuiwe usitanuke.

Hapa ndipo najisifu, na nisamehewe.

Nilikwenda kwa fundi pancha nikamwomba tyubu ya Bajaji iliyotumika. "Bajaji yenyewe iko wapi, kaka?" "Sina Bajaji. Nina ngoma." Alinitazama kwa muda, akaona bora aniuzie tu. Nje ya mzinga nikazungusha vipande vya mpira wa baiskeli, vile vya kufungia mizigo kwenye keria, nikavivuta kwa nguvu zangu zote. Ndani, juu ya gundi, nikatandika nailoni ya kujaladia madaftari ya shule ili tyubu isigande na mbao. (Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, hiyo ndiyo nailoni inayopatikana haraka nyumbani kwetu, na mwanangu hadi leo anadai jalada la Sayansi.) Kisha nikaiweka tyubu ndani na kuanza kuijaza kwa pampu ya mkono.

Tyubu isiyo ndani ya tairi haina adabu. Ilikataa kutanuka upande wa mbao, ikatoa kichwa juu, ikawa inapanda polepole huku inanitazama. Kila nikiikandamiza upande huu inainuka upande ule. Dawa yake ikawa vipande viwili vya ubao wa duara, kimoja chini na kimoja juu, na juu yake jiwe la kusagia la mama mkwe. Tyubu ilipokosa pa kukimbilia ikaanza kusukuma mbao. Nikasikia tabaka zinajifunga, tik, tik, na gundi ikachuruzika pembeni mzunguko mzima. Hiyo ndiyo dalili unayoitafuta, gundi itoke kila mahali. Fundi pancha aliniambia nisithubutu kutumia kompresa, pampu ya mkono tu, na ni ushauri pekee wa bure ulionifaa katika kazi hii nzima.

Besi niliifanya hivyo hivyo kwa tyubu ya gari ndogo, ila kwanza niliirudisha kwenye duara. Unapima kipenyo kwa futi ya cherehani kutoka pande tofauti, unatafuta upande uliobonyea, unaweka kipande cha mbao ndani kuusukuma hadi vipimo vilingane, ndipo unatia gundi mahali pete ya ndani ilipoachia. Matundu ya tomu ndogo nimeyaacha. Hayaui sauti, na kuyaziba ni kujipa kazi.

Kingo za mizinga, pale ngozi inapokaa, zilikuwa na mabonde. Meza ya sebuleni ya kioo ilitosha: unapindua mzinga juu yake usiku, unazima taa, unaweka tochi ndani. Mwanga unapopenya chini, hapo kuna bonde. Unabandika msasa kwenye kioo na kuzungusha mzinga juu yake hadi mwanga usipenye. Mke wangu hakuwepo, kwa hiyo sehemu hii ilikwenda vizuri.

Halafu ngozi. Muuzaji mmoja wa dukani Kariakoo aliniuzia ngozi za plastiki za inchi 12 na 16 huku akiapa kuwa "inchi ni inchi, boss, dunia nzima". Hazikuingia! Premier walikuwa na vipimo vyao hadi kwenye miaka ya mwisho ya 1960, mizinga mipana kwa milimita chache kuliko ya Wamarekani, na ngozi ya kawaida ya leo inagota juu ya ukingo. Nilipomrudishia alishauri nipunguze mzinga kwa msasa hadi uenee. Yaani nichonge dramu iliyodumu miaka yote hiyo ili ifae plastiki yake!

Nilikwenda kwa mzee mmoja mtengeneza ngoma, nikamwonyesha. Hakuuliza ni ya nchi gani. "Hii ngoma tu, mjukuu wangu. Lete pete ya kuvikia ngozi, mimi naleta beberu." Na kweli, plastiki ilianza kuuzwa mwaka 1957 hivi. Kabla ya hapo jazz ya dunia ilipigwa zaidi juu ya ngozi za ndama. Mchomeleaji alinikunjia pete hizo kwa chuma laini cha duara cha milimita 6 kwa kipimo cha mizinga yangu yenyewe, kwa hiyo habari ya inchi za nani ikaishia hapo. Nikazungushia utepe wa mafundi umeme, maana chuma kitupu kikigusa ngozi mbichi kinatoa kutu na kuitia madoa.

Ngozi inalala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi mzee aliitandaza, akaweka pete juu, akakunja ukingo wa ngozi kuizunguka pete na kuuchomeka chini yake kwa mpini wa kijiko cha chai. Kijiko, basi. Mimi nilikuwa nimekuja na koleo na bisibisi. Unaivika kwenye mzinga ingali mbichi, unakaza bolti kidogo tu, unaiacha ikauke kivulini. Ukiikaza sana ikiwa mbichi itapasuka yenyewe usiku. Tomu zote mbili ni beberu. Besi upande wa kupigwa ni ndama, na mbele nimeiacha ile plastiki yenye JAZZ yake.

Gharama sikuandika. Ngozi na chuma havikufika laki, pete ya mtiki iliyojifyatua ndiyo iliyoniuma.

Masika ya Tanga hulegeza ngozi, hilo wale wa "tupa hizo" wanalisema kama hoja ya mwisho. Wapiga dramu wa zamani walitia balbu ndani ya besi kuikausha, nami nafanya hivyo. Iwe balbu ya nyuzi, za kisasa hazina joto. Nenda maduka ya mifugo, zipo za kulelea vifaranga. Ining'inie katikati, mbali na ngozi na mbao, na itoe kabla ya kupiga. Mpiga kinanda wetu aliona besi inawaka kwa ndani akadhani ni mapambo, akataka bwana harusi aongezewe bei.