Ratiba Yangu na Mwezi wa Kivinje

Jedwali lile nililipaka rangi mwenyewe: kijani kwa mapitio ya maandiko, njano kwa kukusanya data, bluu kwa uandishi. Lilikuwa kiambatisho cha pendekezo langu la utafiti wa shahada ya umahiri, nami nililionea fahari kuliko pendekezo lenyewe. Kisanduku cha njano kilisomeka: Juni 1–14, 2011, Kilwa Kivinje. Wavuvi 30, hojaji yenye maswali 42. Nikigawanya, napata wavuvi wawili na ushei kwa siku. Kazi ya kitoto.

Msimamizi wangu, mama wa maneno machache, alikuwa ameshaikata mada mara mbili. Kwanza nilitaka msamiati wa uvuvi wa pwani nzima ya Tanzania. Akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Pwani nzima? Utamaliza na wajukuu." Nikashuka hadi Kilwa. "Zana, samaki, upepo au maji? Chagua." Nikachagua maji, kwa sababu maneno yake nilidhani ni machache: kujaa, kupwa, bamvua, maji mafu, basi. Kusema kweli, uvivu ndio ulionipa mada. Jedwali hakuligusa. Aliuliza tu, "Tarehe hizi umezitoa wapi?" Nikamwambia kwenye kalenda. Akanitazama kidogo, akatia sahihi.

Ukitokea Dar es Salaam, Kilwa unaifikia kabla ya Lindi, ila barua ya kibali huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kwa hiyo Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa, niliipita nikiiangalia dirishani, nikaenda Lindi kugongewa muhuri, nikarudi Kilwa Masoko wilayani, muhuri wa pili, ndipo nikafika Kivinje kwa mtendaji wa kata.

Juni 1, saa tatu asubuhi, nikateremka ufukweni na bahasha yangu ya hojaji. Nilimkuta mama mmoja akigeuza dagaa juani, na watoto wawili. Wanaume? "Wamelala," akasema, kama vile nimemuuliza jua linachomoza wapi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikampata mmoja aliye macho. Alijibu maswali sita, kwenye la saba akasinzia, mdomo wazi, kalamu yangu mkononi mwake.

Siku ya nne, chini ya mti wa mkungu, palikuwa na mzee anashona jarife, wavu mkubwa. Alilikaza kwa kidole gumba cha mguu, sindano inakwenda na kurudi bila yeye kuitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye unayewaamsha watu?"

Aliomba kuiona karatasi. Akaisoma juu juu, akakwama kwenye tarehe.

"Siku hizi kakuchagulia nani?"

"Nimezichagua mwenyewe."

"Na mwezi uliutazama?"

Sikuutazama. Mwezi ulikuwa umefichika kabisa siku ileile niliyofika, na mimi sikuwa na habari. Mzee akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu: dagaa huvuliwa usiku kwa karabai, dagaa hufuata mwanga, na mwanga una nguvu kukiwa na kiza tu. Mwezi ukiwaka, dagaa hutawanyika na taa haina kazi. "Kiza ndiyo shamba letu, mwanangu. Ngoja mbalamwezi, watu utawachoka."

Nikampigia simu msimamizi. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka. "Basi ngoja mwezi," akasema. Fedha za utafiti hazikuongezeka kwa kicheko hicho.

Nikangoja. Hojaji nikaiacha chumbani, nikawa nakaa na mzee kila alasiri. Maneno manne niliyoyadhani machache yakaanza kuzaana. Alinionyesha jinsi maji yanavyochelewa kila siku kwa karibu saa nzima. Wakati wa kiza na wakati wa mwezi mpevu huja bamvua: bahari inapanda hadi kwenye mikoko, kisha inakimbia mpaka vyombo vinalala ubavu kwenye tope. Katikati ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kukauka sana, na kila hatua kati ya hapo na pale ina jina lake. Baadaye, katika sura ya tatu ya tasnifu, nililiita jambo hili "usampulishaji lengwa", yaani kumchagua kwa makusudi mtu wa kumhoji. Jina zuri la kukaa chini ya mkungu.

Tarehe 14 fedha zikaisha, na kisanduku changu cha njano kikafungwa. Mke wa mzee akanipa kitanda cha mjukuu wao.

Kesho yake usiku wanaume wote walikuwa nchi kavu, baraza limejaa, nami naandika mpaka vidole vinauma. Ilipopita saa tatu mwezi ukaanza kuliwa pembeni. Saa nne na ushei ulikuwa mwekundu wote, kama kaa linalozimika, na nje hatukuonana nyuso. Wazee wakaenda msikitini kuswali. Vijana wakabaki, na mmoja akaruka: "Jamani, kiza hicho! Leteni karabai!"

Wengine walikuwa wameshasimama walipoitazama bahari. Bamvua lilikuwa limekauka kabisa, vyombo vimelala ubavu kwenye tope, maji hata hayasikiki.

"Kiza tumepewa," akasema mwingine, "maji tumenyimwa."

Walicheka hadi wakakaa chini. Katikati ya kicheko, mtu mmoja gizani akalitaja kwa neno moja tu kauko kama lile, kavu la usiku, na wenzake wakaitikia kama neno la kila siku. Nikaliandika bila kuiona karatasi.

Asubuhi daftari lilikuwa mstari juu ya mstari. Mengine niliyatenganisha. Lile linaanza na "ch", nina hakika, na lina "w" mahali fulani. Kila niliyemuuliza siku ile alinipa neno tofauti, na basi la Dar lilikuwa linangoja Nangurukuru.