Labani Wako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimebanwa na mtu mmoja kazini: tunakubaliana asubuhi, jioni keshageuza maneno. Usiku nasoma riwaya ya kuchekesha, na nimeona mhusika wake mkuu habadilishwi na marafiki wema. Anabadilishwa na yule mtu asiyeweza kumkwepa. Tunacheka anavyohangaika, kumbe ndipo anapofinyangwa. Nikaenda moja kwa moja Mwanzo 29, kwa Yakobo na mjomba wake Labani.

Habari ile inachekesha, tusiogope kusema. Kijana anatumika miaka 7 kwa ajili ya Raheli, binti mdogo wa Labani, anaiona kama siku chache tu kwa jinsi anavyompenda. Kunakucha baada ya harusi, kumbe ni Lea, dada mkubwa! Akilalamika, Labani anamjibu kwamba kwao mdogo haozwi kabla ya mkubwa. Lisikie jibu hilo kwa masikio ya Yakobo. Huyu ndiye mdogo aliyevaa ngozi za wana-mbuzi akachukua baraka ya mkubwa, kaka yake Esau, mbele ya baba asiyeona. Hakubisha. Alikubali miaka 7 mingine.

Mpendwa, wengi wetu tunafunga na kuomba ili Mungu amwondoe bosi yule, mkwe yule, ndugu yule. Tunakemea, tunavunja, tunafunga madhabahu zake. Umewahi kumwuliza Bwana anakuonyesha nini moyoni mwako kupitia mtu huyo? Yakobo alipotoka nyumbani, pale Betheli alimwekea Mungu masharti: akinipa chakula na nguo, ndipo atakuwa Mungu wangu. Baada ya miaka 20 kwa Labani, ujira umebadilishwa mara 10, jua la mchana na baridi ya usiku vimemla, anaomba tofauti kabisa. Mwanzo 32:10 anakiri kwamba hastahili hata kidogo rehema zote alizotendewa. Maombi ya namna hiyo hayakuwa kinywani mwake zamani. Acha Bwana akufikishe hapo, ndugu yangu, usikimbie darasa!

(Na ile “Bwana aangalie kati ya mimi na wewe” tunayopenda kuagana nayo, ni Labani aliyeisema, kwa mkwewe asiyemwamini.)

Wala simwambii anayepigwa nyumbani abaki avumilie. Mungu yuleyule alimwambia Yakobo aondoke, akamwonya Labani katika ndoto asimdhuru. Kama uko hatarini, toka leo, mwambie mtu unayemwamini. Kuondoka huko si kukosa imani.