Vikaratasi vya Babu

Babu yangu alikuwa fundi wa reli hapa Tabora, na sarafu zake alizitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kila moja alikuwa ameifunga kwenye kikaratasi cha fedha cha pakiti ya sigara, na upande mweupe wa kikaratasi kaandika kwa penseli. Alipofariki mwaka 1998 nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kopo likaja kwangu kwa kuwa hakuna mwingine nyumbani aliyelitaka. Nilifungua vikaratasi vyote nikavitupa jikoni motoni, halafu nikazisugua sarafu kwa ndimu na majivu mpaka zikang'aa. Nilidhani namheshimu babu.

Kilisalia kikaratasi kimoja, kilikuwa kimenasa kwenye kitako cha kopo. Kinasema: "Hela 20. Nimepewa na mzee wa Sikonge. Ujira wa baba yake, mpagazi wa vita."

Kwenye kopo mna sarafu saba za hela 20, yaani heller, fedha ya Wajerumani walipotawala hapa. Zote ni za mwaka 1916, zote zina herufi T, ya Tabora. Ipi kati ya hizo saba ilibebwa na mpagazi yule, sitajua kamwe. Miaka imepita na bado linaniuma.

Wasiozifahamu wajue kwamba hela hizo zilipigwa chapa hapahapa, ndani ya karakana ya reli, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale meli za Waingereza zilipokuwa zimefunga bahari na sarafu mpya haziwezi kufika kutoka Ujerumani. Nyingi ni za shaba ya manjano, na maganda ya mizinga yaliyeyushwa kuzitengeneza. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Kwa sababu ya haraka ile, sarafu hazilingani: kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, kuna ambazo ncha za L katika neno HELLER zimechongoka na nyingine zimejikunja. Uzito nao unapishana. Mtu asiyeandika ataona sarafu saba za namna moja. Mimi nilipoanza kuandika nikagundua nina aina tatu.

Nilianza mwaka 2006, kwa daftari kubwa la kaunta lenye jalada gumu. Jambo la kwanza ninaloandika, kabla hata sijachukua lenzi, ni tarehe, mahali, aliyenipa, bei kama nimenunua, na maneno yake kama alivyoyatamka. Uzito naweza kuupima hata mwaka kesho. Maneno ya mzee aliyeniuzia sokoni siwezi kuyapima tena akishaondoka. Ndipo sarafu inapata namba, na namba hiyohiyo naiandika kwa penseli juu ya bahasha ndogo ya karatasi nitakayoitia. Plastiki laini zile zenye harufu nimeziacha kabisa, zinaiachia sarafu utandu wa kijani.

Ukurasa nimeugawa mara mbili. Kushoto nimeandika "Naona", kulia "Nadhani". Kushoto ni uzito kwa mizani ya sonara, kipenyo, kama inavutwa na sumaku, na maandishi yote herufi kwa herufi. Kulia ndipo ninaposema ni aina gani na kwa nini. Nikibadili mawazo sifuti. Napiga mstari mmoja, naandika tarehe, naongeza rai mpya chini yake.

Hilo la herufi kwa herufi nilijifunza kwa senti 10 za tundu za Afrika Mashariki. Nilikuwa nimeandika tu "senti 10, 1936" mara nne. Lakini mwaka ule zipo zenye jina la George V na zenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu Desemba kabla hajatawazwa. Kwa kuwa katikati kuna tundu, hakuna kichwa cha mfalme, jina tu pembezoni. Ilinibidi nizitoe zote bahashani nizisome upya.

Na kuhusu mahali sarafu ilipotoka, nawasimulia vijana habari ya Maurie Isenberg, askari wa Australia. Mwaka 1944 aliokota sarafu tisa ufukweni, kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizitia kwenye kopo, kama babu. Mwaka 1979 alipozipeleka zikatambuliwe, tano zikaonekana ni za Kilwa. Sarafu za shaba za Kilwa hazina mwaka, zina jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu yanayokwenda kwa vina kutoka upande mmoja hadi wa pili. Zimefikaje kule, watu wanabishana hadi leo. Lakini wanaweza kubishana kwa sababu Isenberg alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani. Bila ile X zingekuwa vipande vitano vya shaba kuukuu.

Daftari sasa ni la tatu. Kila mwisho wa mwezi napiga picha kurasa mpya kwa simu na kumtumia dada yangu Mwanza, maana mchwa wa Tabora hawajui daftari wala Biblia.

Zile hela saba nimeziandika namba 1 hadi 7, na kila moja nimeiandikia: "Imesafishwa kwa ndimu na majivu, 1998, na mimi." Kikaratasi nimekiweka kwenye bahasha yake chenyewe, namba 8. Shangazi, ambaye sasa ana miaka themanini na mbili, aliniambia Pasaka kwamba anamkumbuka mzee wa Sikonge akija nyumbani na asali. Jumamosi nakwenda kwake na daftari. Atakachosema nitakiandika upande wa kulia, na tarehe.