Kiti cha Kupewa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii tusome Esta sura ya 4, na tafadhali tusiiruke aya ya 4 kama tulivyozoea, tukikimbilia yale maneno mashuhuri ya Mordekai kuhusu “wakati kama huo”. Mordekai, aliyemlea Malkia Esta, amevaa magunia, analia mbele ya lango la mfalme, kwa kuwa imetolewa amri ya kuwaangamiza Wayahudi, watu wake na wa Esta. Esta anapata habari, anahuzunika sana. Halafu anafanya nini? Anamtumia nguo. Avue magunia, asitirike. Wengi wetu tukishapata nafasi ndivyo tulivyo: kilio cha watu wetu kinatutia aibu kabla hakijatuuma, basi tunatuma nguo. Mordekai anazikataa.

Sura hii hunikumbusha mbunge mmoja wa Pakistan, Shahbaz Bhatti. Alikuwa Mkatoliki, mzaliwa wa Lahore, mwaka 1968, na kwao ni Khushpur, kijiji cha Wakatoliki mkoani Punjab. Aliacha maandishi akieleza kwamba akiwa na miaka 13 alisikia mahubiri ya Ijumaa Kuu juu ya sadaka ya Yesu, na tangu hapo akajua maisha yake ayapeleke wapi. Akaanza kutetea watu angali kijana. Mwaka 2002 akawa kiongozi wa umoja uliowaleta pamoja Wakristo, Wahindu, Masingasinga na wengineo walio wachache nchini humo.

Mwaka 2008 akaingia Bunge la Taifa kwa chama cha PPP (Pakistan Peoples Party). Jimbo hakuwa nalo. Kati ya viti 342 vya bunge hilo wakati ule, 10 vilitengwa kwa wasio Waislamu, na vyama viligawana kulingana na wingi wa viti walivyoshinda. Sisi tungesema viti maalumu. Mnajua mbunge wa namna hiyo anavyotazamwa: kiti amepewa, na aliyempa anaweza kumnyang’anya. Kodi ya kiti hicho huwa ni kunyamaza. Esta naye taji lake lilikuwa la kupewa, na alijua vizuri yaliyompata Vashti, malkia aliyevuliwa taji kabla yake.

Novemba mwaka huohuo Bhatti akawa waziri wa mambo ya jamii za walio wachache, Mkristo pekee katika baraza la mawaziri. Kazi yake ilionekana. Asilimia 5 ya ajira za serikali kuu zikatengwa kwa walio wachache. Tarehe 11 Agosti ikatangazwa kuwa siku yao. Katiba iliporekebishwa mwaka 2010, wakapata viti 4 katika Seneti. Unaweza kusema asilimia 5 ni kitu gani? Lakini fikiria nchi ambako Wakristo wengi wamejulikana kwa ufagio na mitaro ya maji machafu, na tangazo la kazi ya usafi limewahi kuandikwa wazi kwamba linawahusu wasio Waislamu. Kwa mtoto wa mfagiaji, 5 si namba ndogo.

Angeweza kuishia hapo. Zilikuwa nguo nzuri, nyingine za maana kabisa.

Magunia yakafika langoni Novemba 2010. Asia Bibi, mama Mkristo aliyekuwa kibarua mashambani, alihukumiwa kifo kwa sheria ya kukufuru baada ya ugomvi na wanawake wenzake ulioanzia kwenye maji ya kunywa. Bhatti akasema hadharani kwamba sheria ile inatumiwa vibaya na inapaswa kurekebishwa. Hakusema peke yake, na hili tusilifiche tukisimulia habari hizi kanisani: Salmaan Taseer, gavana wa Punjab, alikuwa Mwislamu, akamtembelea mama yule gerezani na kumtetea. Tarehe 4 Januari 2011 mlinzi wake mwenyewe akampiga risasi, akafa.

Baada ya hapo kila mtu alijua zamu ni ya nani. Bhatti alijua pia. Alikuwa amejirekodi kwenye video, itolewe akiuawa, akisema anajua maana ya msalaba na yuko tayari kufa kwa ajili ya watu wake. Na katika yale maandishi yake kuna jambo linalonisumbua mimi ninayependa kukaa mbele kwenye vikao: alisema hataki umaarufu wala vyeo, anataka tu mahali miguuni pa Yesu. Anayesema hivyo ni waziri. Kiti alikuwa nacho, tena cha juu, na bado macho yake yalikuwa sakafuni, pale alipoketi Mariamu wa Bethania.

Asubuhi ya tarehe 2 Machi 2011, mjini Islamabad, alitoka nyumbani kwa mama yake akielekea kazini. Walinzi hawakuwepo. Gari lilizuiwa, wakammiminia risasi. Alikuwa na miaka 42, hajaoa. Wakamzika Khushpur.

Sheria ile haikubadilika, iko mpaka leo. Asia Bibi alikaa kizuizini miaka mingine 7, hadi Mahakama Kuu Kabisa ya Pakistan ilipomfutia hukumu tarehe 31 Oktoba 2018. Mwaka uliofuata akaondoka kwenda Kanada.

Biblia ya Bhatti imehifadhiwa Roma, katika kanisa la Mtakatifu Bartolomayo lililo kisiwani katikati ya mto Tiber, pamoja na kumbukumbu za mashahidi wengine wa nyakati zetu. Kesha la Ijumaa hii tumtaje yeye, na tumtaje Taseer.