Kijana hajawa mvivu, saa ya mwili imesogea
Wazazi wenzangu wa Moshi, akibalehe mtoto, melatonini, homoni ya usingizi, huchelewa kuachiliwa mwilini kwa muda wa saa moja hadi mawili. Ukimlaza saa 2 usiku atagaagaa tu. Akipitiwa na usingizi saa 5 na kuamshwa saa 11 alfajiri awahi daladala, amepata masaa 6. Anahitaji 8 hadi 10. Ubongo wa mbele, unaozuia hasira na pupa, hukomaa miaka ya ishirini na kitu, na usingizi ukipungua ndio unaolegea. Hapo ndipo tunapomchapa, inasikitisha! Simu ilale sebuleni saa nzima kabla ya kulala. Asubuhi apate mwanga wa nje, hata Julai yenye mawingu. Jumapili asilale kupita muda wake wa kawaida wa kuamka kwa zaidi ya saa moja.