Kutoka ukarani wa sensa hadi Mtakwimu Daraja la II

Nilirudi Kigoma na shahada ya hisabati na takwimu, nikaishia kufundisha tuisheni miaka miwili. Nyumbani kila mtu aliamini aliyesoma hesabu kazi yake ni chaki tu.

Mlango ulifunguka na Sensa ya 2022. Niliomba ukarani, nikapewa kishikwambi na ramani ya eneo la kuhesabia kule Ujiji. Swali ni nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia Agosti 23. Bibi mmoja akanijibu, "Mjukuu wangu hakulala, mwanangu, alikuwa ziwani anavua." Nilimwandika. Aliye kazini usiku, mvuvi au mlinzi, huhesabiwa kwenye kaya yake. Matokeo yalipotoka, mkoa wetu ukiwa na watu 2,470,967, niliitazama ile tarakimu ya mwisho kwa muda mrefu. Mvuvi yule yumo.

Baada ya hapo nikapata mkataba mfupi wa udadisi, kukusanya bei sokoni. Hapo ndipo nilipoipenda kazi yenyewe. Dagaa huuzwa kwa fungu, na fungu la shilingi 2,000 linaweza kubaki 2,000 mwaka mzima. Ukiandika hiyo 2,000 umedanganya taifa. Nilikuwa na mizani ndogo ya kidigitali: mwezi mmoja fungu likawa gramu 100, mwezi uliofuata gramu 80. Yaani kilo imetoka 20,000 hadi 25,000, asilimia 25, na hakuna aliyetangaza kupandisha bei. Mama muuzaji aliniuliza kwa wasiwasi kama nawapelekea watu wa kodi. Nikamweleza kwamba Sheria ya Takwimu inanikataza kutoa taarifa zake, na jina lake halionekani popote. Akanisogezea fungu jingine nipime.

Ajira ya kudumu ilichelewa kwa kosa langu. Maombi ya kwanza kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira niliambatisha nakala za vyeti zisizo na muhuri wa wakili. Nikaenguliwa. Mara ya pili nilikagua kila karatasi, nikapita mchujo wa kuandika. Kwenye mahojiano wakaniuliza ningechaguaje sampuli ya kaya kijijini. Wenzangu niliosoma nao wangeanza na kanuni. Mimi nilianza na orodha ya kaya zote, ihakikiwe na mwenyekiti wa kitongoji, ndipo nigawe idadi yake kwa ukubwa wa sampuli nipate nafasi ya kuruka, yaani kila kaya ya ngapi ichukuliwe, kaya ya kuanzia ikipatikana kwa bahati nasibu. Orodha ikiwa mbovu, kanuni haikuokoi. Kama unasoma takwimu, omba ukarani na udadisi kila nafasi zikitangazwa, hata za wiki tatu.

Sasa nipo Tabora, Mtakwimu Daraja la II. Huku shida yangu ni asali: chupa za maji zilizojazwa upya, kila muuzaji na yake, na lita moja ya asali ina karibu kilo 1.4. Mizani ninayo mkobani.