Mtoto apewe kazi anayoona mwisho wake

Wazazi wenzangu wa huku Busia, Uganda, wananiuliza sana siku hizi, ati mtoto wa miaka mitano sita unafanyaje atulie amalize kitu alichoanza, manake wengi wanasema wamempigia kelele mpaka sauti imekauka na mtoto anaandika herufi mbili tu, akisikia lori ameshatoka mbio kuliangalia. Wangu yuko topu klasi, yaani mwaka wa mwisho wa chekechea, mwakani Mungu akijalia anaingia P1, darasa la kwanza, na hili jambo liko moyoni mwangu kweli kweli, kwa hiyo niseme vile ninavyoliona.

Kwanza tusiwaite wakaidi, jamani. Ile sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo inamsaidia mtu kujizuia na kukumbuka alitumwa nini, ndio inachelewa sana kukomaa, hata mtu akifika miaka 20 bado haijamaliza. Sasa wewe unamwambia mtoto vua yunifomu, weka viatu mahali pake, nawa mikono alafu lete kitabu, hapo ameshika moja, pengine ile ya mwisho, zingine zimepotea njiani na wala hajakudharau. Mwambie moja. Umfuate pale alipo, umguse bega akuangalie, useme, alafu yeye mwenyewe akurudishie ulichosema. Akimaliza ndio unampa ya pili. Najua mtu amechoka ametoka sokoni, lakini kumwita mtoto kutoka jikoni mara kumi kunachosha zaidi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mi nakiamini kuliko vyote, na nimekiona kwenye maharage. Ukimpa mtoto ungo umejaa maharage umwambie achambue, anaangalia lile rundo anachoka kabla hajaanza, anachezea chezea, anaondoka. Lakini chota kiganja kimoja tu, weka kwenye sahani mbele yake, mwambie mawe huku, yaliyotobolewa na wadudu huku, mazuri kwenye sufuria, utashangaa, anakaa kimya macho yake yapo kwenye sahani, na akimaliza anasema mama leta ingine. Maharage ni yale yale na mtoto ni yule yule, tofauti ni kwamba safari hii anaona mwisho. Mtoto mdogo hawezi kujishika kwa ajili ya kitu ambacho hajui kitaisha saa ngapi, hata sisi wakubwa inatushinda, ila sisi tumejifunza kuvumilia.

Homuweki nayo ni hivo hivo. Mwalimu ameandika ukurasa mzima wa herufi, wewe chukua karatasi funika, acha mistari miwili. Akimaliza anaruka ruka kidogo, anakunywa maji, unashusha karatasi mistari mingine miwili. Na ukae pale karibu na kazi yako ya mkono, usiongee sana, manake mzazi anayesahihisha kila herufi huyo huyo ndio anamkatiza mtoto. Akikosea umwache amalize mstari kwanza. Akimaliza umwambie kile ulichoona, kwa mfano "umeandika mpaka mwisho na hujainuka," hiyo inamwingia kuliko kumwambia ana akili.

Alafu kuna mweso, ule mchezo wetu wa ubao unaofanana na bao, na hapa nawaomba wazee wa nyumbani wasaidie. Ubao wake una vishimo 32, safu nne za vishimo nane nane, na kete ni 64, kila mtu 32. Kwa mtoto ni mkubwa, lakini jajja, yaani babu au bibi, anaweza kumchimbia vishimo vichache chini ya mwembe waanzie hapo. Unachota kete unazigawa moja moja kila kishimo, na ile ya mwisho ikiangukia kwenye kishimo chenye kete unazichota zote unaendelea, yaani ukipoteza macho katikati umepoteza hesabu. Hakuna anayemwambia tulia, mchezo wenyewe ndio unamtuliza, na utulivu huo simu haiwezi kumpa kwa sababu kwenye simu picha ndio inamkimbilia yeye. Tivii ikiwa inaongea hapo pembeni usitegemee mistari miwili itaisha, zima, hata kama ni taarifa ya habari. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asipitishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni vizuri zaidi.

Usingizi nao tusiusahau. Mtoto wa miaka 3 mpaka 5 anatakiwa alale masaa 10 mpaka 13, ukihesabu na wa mchana. Sasa huyu wa kwetu gari la shule linamchukua saa kumi na mbili asubuhi, ameamshwa saa kumi na moja, na jana yake alilala saa nne usiku, hayo ni masaa saba, unataka atulie na nini? Saa mbili awe kitandani.

Na kama umefanya yote na bado, angalia mwili. Masikio yanasikia? Ubao wa darasani anauona? Minyoo na upungufu wa damu vinamlegeza mtoto anaonekana mvivu na kumbe ni mgonjwa. Huku Uganda dawa za minyoo zinatolewa bure mwezi wa nne na wa kumi, kwa watoto wa mwaka 1 mpaka 14, shuleni na kwenye vituo vya afya, usiache zikupite. Kama hatulii nyumbani na shuleni pia, na imeendelea miezi sita au zaidi, mpeleke kwa daktari amwangalie, usimpeleke kwa fimbo. Daktari akiona inafaa atawaelekeza mbele, hata Butabika, ile hospitali kubwa ya afya ya akili kule Kampala, kuna sehemu ya watoto, na wanaopelekwa pale ni watoto kama wengine tu.